Ukuta Hauundi Mhandisi



Imekuwa desturi sasa, kila ukifika msimu wa bajeti, kusomewa orodha ya majengo ya vyuo: ghorofa kadha hapa, kumbi kadha pale, mabweni kadha kwengine. Orodha husomwa kwa sauti kubwa, hupigiwa makofi, na mwenye kuuliza kilichomo ndani ya majengo huonekana mkorofi asiyependa maendeleo. Sisi tumekubali kuitwa wakorofi. Chama cha upinzani kisichouliza hakina kazi ya kufanya, na gazeti lake ni upotevu wa wino na karatasi.

Suali letu la leo ni juu ya skuli za uhandisi. Tunaambiwa kwamba zinafanywa upya kwa manufaa ya wanafunzi na ya utafiti. Neno hilo ni jema, wala hatuna ugomvi nalo. Lakini kufanya upya ni kufanya nini? Ikiwa ni kupaka rangi kuta, kubadilisha madirisha na kuongeza ukumbi wa mihadhara, basi kilichofanywa upya ni nyumba, na skuli imebaki vile vile. Skuli ya uhandisi ni karakana yake na maabara yake, pamoja na watu wanaojua kuzitumia na kuzitunza. Penye hayo, hata banda la mabati laweza kutoa mhandisi. Pasipo hayo, kasri ya marumaru itatoa vijana wenye vyeti ambao hawajapata kushika chuma moto wala kupima udongo. Hilo ndilo neno letu, na tutalipima kwa mji mmoja ulio mbali na bahari, mji wa Babati.

Twajua atatokea mtu wa kuuliza: Mzanzibari ana nini na Babati? Jawabu tunayo. Elimu ya juu ni jambo la Muungano; imo katika orodha ya mambo ya Muungano ndani ya Katiba ya 1977. Tena mwaka 2021 Benki ya Dunia ilikubali kuikopesha Jamhuri ya Muungano dola milioni 425 kwa mradi uitwao Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, mradi wa miaka mitano wa kupanua vyuo, kuvipeleka mikoani na kuvipa maabara na zana. Uhandisi umetajwa miongoni mwa fani za kutangulizwa, na chuo chetu cha Taifa cha Zanzibar ni mmoja wa waliomo katika mgao. Fedha hizo si sadaka. Ni deni, nalo litalipwa na mvuvi wa Nungwi, na mchuma karafuu wa Wete, na mkulima wa Gallapo aliye jirani na Babati, wote kwa pamoja, na watoto wao baada yao. Mwenye kulipa deni ana haki ya kuuliza kilichonunuliwa. Mzanzibari anayeambiwa asiulize khabari za Babati, na aambiwe pia kwamba hatalipa deni la Babati.

Sasa tuitazame Babati yenyewe. Ni makao makuu ya mkoa wa Manyara, mkoa uliokatwa kutoka Arusha mwaka 2002. Mji umekaa baina ya ziwa la Babati na mlima Kwaraa, pahala ambapo njia itokayo Arusha hugawika, moja ikenda Singida na nyengine Kondoa mpaka Dodoma. Njia hii ya pili, ambayo ni sehemu ya njia kuu ya zamani itokayo Cairo mpaka Cape Town, ilifunguliwa kwa lami mwaka 2018, kilomita 251 baina ya Dodoma na Babati. Ni kazi kubwa, na tunaisifu. Lakini fedha zake nyingi zilikuwa mikopo kutoka nje, na makampuni yaliyoijenga yalikuwa ya Kichina. Udongo ulikuwa wetu, mawe yalikuwa yetu, na jasho la vibarua lilikuwa letu. Elimu ya kuyaunganisha hayo matatu yakawa barabara tuliinunua. Njia hiyo itataka kutengenezwa kila baada ya miaka, na tusipojifunza tutainunua elimu ile ile mara ya pili na ya tatu.

Mtu akitaka kuchagua pahala pa kufundishia uhandisi, hangepata darasa bora kuliko mkoa huu, maana kila suala analolihitaji mwanafunzi limo nje ya mlango.

Liko suala la maji yanayopanda. Ziwa la Babati, lenye viboko wake mashuhuri, limekwisha kuvuka mipaka yake na kuuingilia mji zaidi ya mara moja. Mafuriko ya 1964 na ya 1990 yanakumbukwa. Kujua ziwa litapanda lini, kiasi gani, na maji yapitishwe wapi, ni kazi ya uhandisi wa maji. Kazi hiyo hutaka vipimo vya kila siku kwa miaka mingi. Haiwezi kufanywa na mtaalamu aliyekuja kwa wiki mbili, akalala hotelini, akaandika ripoti na kuondoka.

Liko suala la mlima unaomeguka. Tarehe 3 Disemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima Hanang, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, ilimeguka. Tope, mawe na miti vikateremka mpaka mji wa Katesh na vijiji vya jirani, katika mkoa huu huu wa Manyara. Watu zaidi ya 80 walikufa, na wengi walipoteza nyumba na mifugo. Sisi watu wa visiwani, ambao tumezika watu wetu waliochukuliwa na bahari, twajua kilio cha namna hiyo, na rambirambi zetu hazina mpaka. Lakini rambirambi peke yake haitoshi. Mlima hautoi ilani kwa barua. Hutoa kwa nyufa, kwa chemchem zinazobadilika rangi, kwa udongo uliolewa maji. Ilani hiyo huisoma mtu aliyefundishwa, mwenye chombo mkononi, na aliye karibu. Mhandisi wa udongo aliyeko Dar es Salaam hana macho ya kuuona ufa ulioko Hanang.

Liko suala la maji ya kunywa. Katika sehemu nyingi za Arusha na Manyara, maji yatokayo katika ardhi ya volkano yana floridi nyingi kuliko inavyofaa. Mtoto ayanyweaye tangu utotoni huota meno ya rangi ya kahawia, na kwengine mifupa yake hupinda. Shirika la Afya Ulimwenguni limeweka kipimo cha miligramu 1.5 kwa lita moja. Nchi yetu kwa miaka mingi iliruhusu mpaka 4, kwa sababu maji mengi ya kaskazini yasingaliweza kuupita mtihani ule mkali. Msomaji na alitafakari jambo hilo: maji yaliposhindwa mtihani, tuliulegeza mtihani. Huko Ngurdoto, mkoani Arusha, kiko kituo kilichofanya utafiti wa kuichuja floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Nchi yenye ng'ombe wengi kama ile haikosi mifupa. Kinachotakiwa ni karakana ya kuunda machujio kwa mamia, na wanafunzi wa kuyafuata majumbani na maskulini ili wajue yanafanya kazi muda gani kabla ya mkaa kuchoka.

Na liko suala la mali. Katika wilaya ya Babati kuna kilima cha Minjingu. Zamani za kale, ziwa Manyara lilipokuwa pana kuliko lilivyo leo, kilima hicho kilikuwa kisiwa, na ndege wa majini wakikusanyika juu yake. Mabaki na vinyesi vyao vimekuwa fosfeti, ambayo ni mbolea. Fosfeti hiyo iligunduliwa katika miaka ya 1950 na kuanza kuchimbwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Ufini. Mawe haya hufanya kazi vizuri katika udongo wenye uchachu, na katika udongo mwengine hutaka kutengenezwa kabla ya kumfaa mkulima. Kuyatengeneza ni uhandisi wa kemia. Nchi iliyo na kilima cha mbolea ndani yake, na bado ikanunua mbolea kutoka ng'ambo kwa fedha za kigeni, imekosa kitu kimoja tu, nacho ni watu wa kutosha wenye elimu na zana za kulitatua tatizo hilo.

Haya manne yote yako mkoa mmoja. Basi tuulize: katika mji ulio baina ya ziwa na milima hiyo, elimu ya juu imefikaje? Imefika kwa sura ya kampasi ya Chuo cha Uhasibu Arusha, chuo ambacho jina lake lasema kazi kiliyoundiwa. Hatuna ugomvi na wahasibu. Hata deni tulilolitaja juu lataka mtu wa kulihesabu. Kampasi ile yawafaa vijana wengi, na twaitakia kheri. Lakini tazameni mpango wa mambo ulivyo. Penye ziwa linalofurika, mlima unaomeguka, maji yenye sumu na kilima cha mbolea, elimu ya kwanza kupelekwa ilikuwa ya kuandika vitabu vya hesabu. Sababu yake twaijua, nayo haina siri: elimu ya uhasibu yataka kiti, meza, ubao na kompyuta, na uhandisi wataka karakana. Kiti ni rahisi, karakana ni ghali. Serikali inayotaka kuhesabu wanafunzi itachagua viti siku zote.

Hapa yafaa tukumbushane tulikotoka, maana vijana wengi hawakusimuliwa. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipoundwa mwaka 1963, kazi ziligawiwa baina ya nchi tatu: uhandisi ukafundishwa Nairobi, udaktari Makerere, na sheria Dar es Salaam. Kijana wa Unguja au wa Mbulu aliyetaka kuwa mhandisi hakuwa na skuli katika nchi yake. Chuo kile kikavunjika mwaka 1970, na Kitivo cha Uhandisi cha Dar es Salaam hakikufunguliwa mpaka 1973, kwa msaada mkubwa wa Ujerumani ya Magharibi. Yaani nchi ilikaa miaka kumi na miwili tangu uhuru wa Tanganyika bila ya kuwa na pahala pake penyewe pa kumfundisha mhandisi wa shahada. Wanasheria tulikuwa nao tangu mwaka 1961. Kumbe hata wakati ule tulianza kwa viti.

Kitivo cha 1973 kilikuwa na jambo moja zuri ambalo leo linafaa kurudiwa kwa sauti. Mwanafunzi hakuachiwa kukaa darasani peke yake. Wakati wa likizo alipelekwa viwandani kufanya kazi kwa mikono. Na viwanda vilikuwapo: vya nguo, vya zana za kilimo, vya saruji. Vingi vya viwanda vya umma vikafungwa au kuuzwa katika miaka ya 1990. Tangu hapo karakana ya chuo imebeba mzigo wa mara mbili, kwa sababu kijana ambaye hakuishika mashine chuoni huenda asiikute pengine popote.

Na karakana, ndugu zetu, hufa kwa namna yake. Jengo likiharibika, mvua huingia, watu hupiga kelele, na mkubwa huja na ndoo ya rangi. Karakana hufa kimya. Kwanza huisha kipuri kimoja cha mashine ya kukereza chuma, na mashine hufunikwa turubai. Halafu fundi aliyekuwa akiitunza hustaafu, na nafasi yake haijazwi kwa sababu katika daftari la mishahara fundi si mwalimu. Halafu hukosekana kemikali ya mtihani mmoja katika maabara, na mtihani huo hufundishwa kwa kuchorwa ubaoni. Halafu wanafunzi huongezeka, na kazi iliyokuwa ya watu wanne kwa mashine moja huwa ya arubaini, mmoja akishika na thelathini na tisa wakitazama. Mwisho wa yote karakana imekuwa makumbusho, nayo imo ndani ya jengo zuri lililopakwa rangi. Anayekuja kukagua hukuta madirisha mazima, akaandika kwamba hali ni njema.

Kwa hivyo twasema waziwazi: mkopo unaoleta jengo na mashine, usioleta fungu la kila mwaka la vipuri, la malighafi na la mishahara ya mafundi wa maabara, ni mkopo wa kununulia turubai. Mfadhili hupenda kufungua na huchoka kutunza, na si kazi yake kututunzia. Kutunza ni kazi ya Serikali, na Serikali ipimwe kwa hilo.

Liko na jengine. Wahandisi wenyewe wana kipimo wanachokitaja kila mara, kwamba mhandisi mmoja yafaa awe na mafundi sanifu watano na mafundi stadi ishirini na watano. Kwetu sisi kilichotokea ni kwamba vyuo vya ufundi vilivyokuwa vikitoa mafundi sanifu vilipandishwa daraja. Chuo cha Ufundi cha Dar es Salaam kikawa Taasisi ya Teknolojia mwaka 1997. Chuo cha Ufundi cha Mbeya kikawa taasisi mwaka 2005, kisha chuo kikuu mwaka 2012. Kupanda ni kuzuri. Lakini kila mtu akipanda darini, nani atabaki chini ashike ngazi? Shahada imekuwa ndiyo heshima, na kazi ya mikono imekuwa ndiyo aibu, na hivi twawaona vijana wenye shahada za uhandisi wakitafuta ajira za makarani.

Wako watakaosema kwamba haya ni maneno ya kwenye mikutano, na kwamba karakana ndogo za mikoani haziwezi kuzaa kitu. Tunawapa mfano kutoka nchi ile ile. Katikati ya miaka ya 1980, wakati Babati ingali ndani ya mkoa wa Arusha, mhandisi wa Kimarekani aitwaye Carl Bielenberg alibuni mkoani humo mashine ya mkono ya kukamulia mafuta ya alizeti. Haikutaka umeme wala dizeli. Ilitaka mpini, pistoni na mtu wa kusukuma. Iliundwa katika karakana za kawaida, ikaenea vijijini, kisha ikaenda mpaka nchi nyengine za Afrika. Wanawake wa vijijini waliokuwa wakiuza mbegu wakaanza kuuza mafuta. Fikra ile haikutoka katika jengo la ghorofa. Ilitoka pahala ambapo mwenye elimu, fundi wa kuchomelea na mkulima wa alizeti waliweza kukutana siku moja, mashine ikavunjika asubuhi na ikabadilishwa jioni. Lakini aliyebuni alikuwa mgeni. Kwa nini mwana wa Kigorowa au wa Kiiraqw, aliyezaliwa katika mashamba hayo hayo, asiwe yeye mwenye kubuni ya pili?

Watasema pia kwamba fedha ni haba, na kwamba ni bora kuziweka zote pamoja Mlimani, Dar es Salaam, kuliko kuzitawanya. Hoja hii ina uzito, na tutaijibu kwa heshima. Ni kweli kwamba mashine kubwa za bei ya mamilioni haziwezi kuwekwa kila mkoa, wala hatusemi ziwekwe. Mashine ya kuvunjia nguzo za zege na maabara za umeme mkubwa na zibaki Mlimani, na zifanywe upya huko, maana zinastahiki. Lakini ziwa haliwezi kuhamishwa likapelekwa Mlimani, wala mlima Hanang hautapanda basi kwenda kupimwa. Kazi zinazofungamana na ardhi zifundishwe juu ya ardhi hiyo. Kituo cha Babati hakihitaji kuwa chuo kikuu kizima. Chahitaji kuwa tawi la skuli ya uhandisi iliyopo, lenye maabara ya udongo na maji, karakana ya chuma, na nyumba za wanafunzi watakaokwenda huko kwa muhula mzima.

Na watasema kwamba zama hizi ni za kompyuta, na mwanafunzi aweza kuiona mashine yote katika kioo. Aweza kuiona, ndiyo. Hata mtoto wa Unguja aweza kumwona kiboko wa Babati katika kioo, lakini hatasema amemwona kiboko. Kompyuta ni chombo kikubwa cha uhandisi na hatukidharau. Kijana hesabu zake azifanye humo. Kisha aende nje akaone kama mto umekubaliana na hesabu zake.

Tumesema mengi ya Bara, na sasa turudi nyumbani, maana mshale huu una ncha mbili. Mwaka 1980 waya wa umeme ulilazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba. Mwezi wa Mei 2008 Unguja iliingia gizani kwa kadiri ya mwezi mmoja. Disemba 2009 giza likarudi, na taa hazikuwaka tena mpaka Machi 2010. Miezi mitatu samaki walioza, maji hayakupanda mifereji, hoteli zikafukuza wafanyakazi, na mwenye jenereta akawa sultani. Kisiwa kizima kikasubiri vifaa na mafundi kutoka ng'ambo. Pemba ilipata waya wake kutoka Tanga mwaka 2010 kwa msaada wa Norwei, na Unguja ikapata waya mpya mwaka 2013 kwa fedha za Marekani. Twashukuru. Lakini je, skuli gani ya uhandisi katika visiwa hivi ilipewa kipande cha ule waya uliokufa, wanafunzi wakakipasua, wakajua kilichouua? Waya ule ulikuwa mwalimu. Pasipo karakana hauna wa kumfundisha.

Mbweni tunayo skuli ya ufundi ya tangu miaka ya 1960, ambayo leo ni Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia. Mwaka 2023 tulifunguliwa Bweleo tawi la chuo mashuhuri cha Kihindi cha Madras, la kwanza la vyuo vya aina hiyo nje ya Uhindi, na masomo yake ya mwanzo yakawa ya takwimu na akili ya mashine. Mgeni tumempokea, na ni vyema tumpokee. Lakini mgeni njoo mwenyeji apone. Mwenyeji wa nyumba hii ni Mbweni, na ni juu ya wakubwa kutuonesha kwamba Mbweni imepona. Suali tunalouliza juu ya Babati ndilo tunalouliza juu ya Mbweni: mashine ngapi zinazunguka, mafundi wangapi wa kuzitunza, na mwanafunzi mmoja ana saa ngapi mbele ya mashine kwa wiki moja?

Kwa hayo, madai yetu ni haya.

Kwanza, kila fungu la fedha linaloandikwa kwa jengo la uhandisi, liwe la mkopo au la kodi, liandikwe ubavuni mwake fungu la zana, la vipuri na la mishahara ya mafundi wa maabara, kwa muda usiopungua miaka kumi. Jengo lisilo na fungu hilo lisijengwe.

Pili, Babati ipewe kituo cha uhandisi wa maji, wa udongo na wa usindikaji wa mazao na mawe, chini ya moja ya skuli za uhandisi zilizopo, na kituo hicho kishirikiane karakana na chuo cha ufundi stadi cha VETA kilichopo mjini humo, ili mhandisi, fundi sanifu na fundi stadi wafundishwe juu ya mashine moja na wajuane tangu ujana.

Tatu, utafiti wa kituo hicho uanze na mambo manne tuliyoyataja: ziwa, mlima, floridi na fosfeti. Matokeo yake yasomwe kwa Kiswahili mbele ya wananchi wa Babati na Katesh kabla ya kusomwa kwa lugha nyengine mbele ya wageni.

Nne, ripoti za Serikali juu ya vyuo ziache kutuhesabia vyumba, na zituhesabie mashine zinazofanya kazi na saa za wanafunzi mbele yake. Hesabu hizo zitangazwe kila mwaka, chuo kwa chuo, Bara na Visiwani.

Tano, mgao wa Zanzibar katika mkopo huu uwekwe wazi kwa vipimo hivyo hivyo, na vijana wetu wapate nafasi Babati wakajifunze milima, na vijana wa Manyara wapate nafasi Mbweni wakajifunze bahari. Muungano wa namna hiyo ndio ambao mtu aweza kuuona kwa macho yake.

Wahenga wa pwani walikwisha kutuambia kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Waliosema hivyo walikuwa watu wa jahazi. Walijua kwamba chombo hakiundwi kwa hotuba, na kwamba fundi huwa na shoka lake, keekee yake na mwanafunzi wake ubavuni. Enyi wanachama, suali hili lichukueni katika mikutano ya matawi yenu, Unguja na Pemba. Anapokuja mwakilishi au mbunge kuwasomea orodha ya majengo, mwacheni amalize, mshukuruni kwa adabu, kisha muulizeni: ndani muna mashine ngapi, na ni nani anayezitia mafuta? Akijibu, andikeni jawabu yake mtuletee tuichapishe. Asipojibu, mtuletee pia, na hiyo tutaichapisha kwa herufi kubwa zaidi.